Mgeni Mkuu wa Goma Anatoka Muheto

Maandishi yanayomwelekeza mgeni jinsi ya kuzunguka Goma, mashariki mwa Kongo, si mengi, na karibu yote yanamsemesha mtu mmoja. Ni mtu aliyeshuka kwenye ndege, au aliyevuka kutoka Gisenyi, Rwanda, kupitia mpaka wa Grande Barrière. Ana dola mpya mfukoni, analala hoteli ya kando ya ziwa, anataka kupanda volkano ya Nyiragongo na kupiga picha na mwendesha chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Anaambiwa akodi gari pamoja na dereva wake, asipande moto (pikipiki ya abiria) usiku, apatane bei kabla ya kuketi. Ni mashauri mazuri. Lakini tangu vita viingie mjini mwisho wa Januari 2025 na uwanja wa ndege ukafungwa, mtu huyo haonekani sana. Na hata siku alizokuwa akija kwa wingi, hakuwa yeye mgeni mkuu wa mji huu.

Mgeni mkuu wa Goma anatoka Muheto, huko Masisi. Anatoka Nyabiondo, Kitchanga, Rubaya, Pinga, Walikale. Amemleta mtoto aliyevunjika mguu, kwa kuwa kituo cha afya cha kwao hakina mashine ya kupiga picha mfupa. Au ana magunia ya maharage yaliyotangulia kwenye lori la Fuso, naye anayafuata. Au anatafuta hati ya shule ya kijana wake. Au anamtafuta dada yake, ambaye walipotezana usiku risasi zilipolia kijijini. Ana franka zilizochakaa, simu inayokaribia kuzimika, na jina la mtaa aliloambiwa kwa mdomo. Mtu huyu tunamtoza kwa kutokujua kwake, kila siku, kwenye kila kituo. Naona ni dhuluma, na naona pia kwamba kuiondoa ni kazi ndogo kuliko tunavyojiaminisha.

Ili kumwelewa lazima tuanzie juu, vilimani. Lami inayotoka Goma inaishia karibu na Sake, mwendo wa kilomita kama 25. Kutoka hapo njia ya Masisi ni udongo unaopanda. Mvua zikianza Septemba, Fuso linaweza kuzama mahali pamoja mchana kutwa, na magari mengine yote yakapanga mstari nyuma yake yakisubiri majembe ya vijana wa kijiji kilicho karibu, ambao nao lazima walipwe. Gari la jeep linajaza watu mpaka juu ya mizigo. Moto inapita pasipopita gari, ndiyo maana imekuwa gari la wote: la mama mjamzito, la mwalimu anayefuata mshahara, la maiti inayorudishwa kwao. Zaidi ya Masisi, kuelekea Walikale, barabara iliharibika kiasi kwamba enzi za kasiteriti ya mgodi wa Bisie ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya kipande cha barabara pale Kilambo kubeba mawe ya madini. Barabara iligeuka uwanja wa ndege kwa sababu magari yalishindwa kuitumia kama barabara. Sijui picha gani nyingine inaweza kueleza vizuri zaidi ni nani anayehesabika huku kwetu na nani asiyehesabika.

Kwa hiyo bei ya safari ya kushuka Goma haifuati kilomita. Inafuata tope na silaha. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walichora ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini wakahesabu 798. Kila kimoja kina kamba, au mti uliolazwa, au mtu tu aliyesimama na bunduki, na kila kimoja kina bei yake. Wenye vizuizi hivyo, au bariere, wamebadilika mara nyingi tangu mwaka huo: jeshi, na makundi yenye silaha ya Nyatura, APCLS, wazalendo, M23. Anayelipa hajabadilika. Mama anayepeleka kuku wawili mjini anaweza kufika Sake akiwa amelipa thamani ya kuku mmoja.

Na pale kwenye bariere anaulizwa karatasi. Kwa miaka mingi Mkongomani wa kawaida hakuwa na kitambulisho kingine isipokuwa kadi ya mpiga kura. Sasa kumbuka kwamba tarehe 20 Desemba 2023 nchi ilipopiga kura, watu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga, kwa sababu ya vita, na wengi wao hawakupata nafasi ya kuandikishwa kama wenzao. Wapo basi wanaosafiri na kadi ya zamani ambayo wino wake umefifia mpaka uso hauonekani, na wapo wasio na kadi kabisa. Makundi yote mawili yanalipa. Halafu kuna ulimi wa msafiri. Lafudhi ya Kihunde, ya Kinyarwanda, ya Kinyanga inasomwa kabla ya kadi, na katika nyakati hizi kusomwa namna hiyo kunaweza kumpeleka mtu pabaya. Msafiri anajifunza kunyamaza. Akifika mjini tunamlaumu: mbona hakuuliza njia?

Barabara ya Sake inaingia Goma kupitia Mugunga, kisha Ndosho, kisha Katindo, mpaka kwenye mzunguko wa barabara, rond-point Signers. Kwa mwenyeji huu ni mstari ulionyooka, hauna fumbo. Kwa mgeni ni ukuta wa majina. Vituo vyetu havina vibao. Vina majina yanayoishi midomoni mwa watu. Vingine vinaitwa kwa jengo, vingine kwa kituo cha mafuta, vingine kwa lango la nyumba ya mkubwa ambaye mgeni hajawahi kumsikia. Kijana wa mlangoni kwenye teksibasi anayataja yote kwa pumzi moja, akiwa anakusanya nauli na kuita watu wapya, na gari halisimami mpaka mtu aseme anashuka. Anayejua anasema. Asiyejua anasubiri kuonyeshwa, na hakuna anayemwonyesha.

Nilimwona mama mmoja pale Signers, kitenge kimemkaza mtoto mgongoni, mfuko wa maharage miguuni. Alikuwa ameambiwa ashuke Ndosho, kwenye hospitali. Alikuwa amepita Ndosho bila kujua, akafikishwa mwisho wa njia na kuteremshwa kama wengine. Alimwendea kijana wa moto aliyekuwa karibu.

“Papa, Ndosho ni wapi?”

“Mama, Ndosho umeshaipita. Panda nikurudishe. Unipe elfu tano.”

“Elfu tano? Mie nimelipa tayari, mtoto wangu.”

“Umelipa ile gari, mama. Hujanilipa mimi.”

Mzee mmoja aliyekuwa akiuza kadi za simu alisimama. Hakupaza sauti. “Kijana, hapa na Ndosho ni elfu mbili. Huyu ni mama yako, tena ana mgonjwa.” Kijana akatazama chini, akawasha moto, akasema, “Panda, mama.” Akampeleka kwa elfu mbili.

Wapo watakaosema kisa hiki kinaonyesha kwamba watu wetu ni wema, kwamba daima atapatikana mzee wa kusema neno. Ni kweli kwamba alipatikana. Lakini haki inayosubiri mzee apite karibu si haki ya kuitegemea, hasa saa moja jioni, hasa mvua ikinyesha, hasa kama anayeuliza ni msichana aliye peke yake. Na hata hiyo elfu mbili mama yule hakustahili kuilipa. Aliilipa kwa sababu hakuna aliyeandika neno NDOSHO kwenye bati na kulisimamisha barabarani.

Tazama jinsi bei inavyofanya kazi kwenye moto. Mwenyeji haulizi. Anapanda, anataja mahali, akishuka anatoa noti ambayo wote wawili walishaijua tangu mwanzo. Mgeni anauliza “ngapi?”, na kwa kuuliza amejitaja. Ushauri wa kila siku, kwamba patana kabla ya kupanda, unamfaa mwenye dola; yeye tofauti ya elfu mbili au tatu haimnyimi chakula. Kwa mtu wa Muheto kule kupatana ndiyo mtego wenyewe. Hana kiwango cha kuanzia, hajui umbali, hajui kama njia ni lami au mawe, naye anapatana na mtu anayeyajua yote matatu.

Nisieleweke kuwa nawashitaki wamotari, yaani waendesha moto. Wengi wao nao waliteremka kutoka kwenye vilima vilevile, wakakuta moto ndiyo kazi pekee isiyodai diploma. Wengi hawamiliki chombo wanachokiendesha. Jioni mwenye moto anadai pesa yake hata kama mchana kutwa mvua ilinyesha. Kuna gilé ya kazi, kuna jetoni ya ushuru, kuna polisi wa barabarani, kuna petroli inayopanda bei asubuhi bila taarifa. Mara kwa mara wenye mamlaka wamepiga marufuku moto usiku kwa ajili ya usalama, na kila amri ya namna hiyo inakata saa ambazo kijana angepata cha kwake baada ya kumaliza cha mwenye chombo. Kijana wa Signers alipotaja elfu tano alikuwa akijaribu kuziba pengo lake kwa mtu pekee aliyekuwa dhaifu kumzidi. Bei iliyoandikwa ingemlinda naye pia. Abiria mkaidi anayeshuka na kutupa nusu ya nauli angeonyeshwa kibao, mambo yangeisha bila ngumi.

Kwa nini mji umeangukia mikononi mwa moto kiasi hiki? Sababu moja iko chini ya miguu yetu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga uji wa moto katikati ya mji, ukafunika mitaa ya biashara na sehemu ya njia ya kurukia ndege. Watu walirudi wakajenga juu ya mawe yale yakiwa bado yana joto. Mitaa mingi ya ndani imebaki mawe matupu, na gari dogo likiingia huko linaacha eksozi. Mawe hayo yamefanya teksibasi kubaki kwenye barabara kuu chache, na kila kilicho nje yake, yaani sehemu kubwa ya makazi ya watu maskini na ya ndugu wanaowapokea wageni kutoka Masisi, ni cha moto au cha miguu. Kwa hiyo mgeni analipa mara mbili: teksibasi mpaka barabarani, moto mpaka mlangoni. Mgeni wa hoteli halipi hivyo. Hoteli ziko kwenye lami.

Teksibasi zenyewe zina hatari ambayo wenyeji tumeizoea mpaka hatuioni. Nyingi ni Toyota Hiace zilizotoka Japani, nchi ambayo magari yanapita kushoto. Mlango wake uko upande wa kushoto. Sisi tunapita kulia. Maana yake abiria anashukia upande wa katikati ya barabara, palepale moto zinapolipita gari. Mwenyeji anatoa kichwa kwanza, anatazama nyuma, ndipo anaweka mguu. Mama aliyebeba mtoto na mfuko, anayeshuka Goma mara yake ya kwanza, anashuka kama watu wote wenye akili wanavyoshuka: anaamini kwamba mahali anaposhushiwa ni salama. Hakuna mtu anayemwonya. Kama kuna sentensi moja ambayo ningependa ipakwe rangi ndani ya kila Hiace ya mji huu, kwa herufi kubwa, ni TAZAMA NYUMA KABLA YA KUSHUKA.

Kuna pia suala la pesa. Dola iliyochanika kidogo pembeni inakataliwa Goma yote. Hilo watu wa nje huambiwa mapema. Watu wa Masisi hawaambiwi kwamba tangu benki zifunge milango mwanzoni mwa 2025 noti mpya za franka zimekuwa adimu, na zile za zamani zimeshikwa na mikono mingi mpaka zimelegea. Noti inayopokewa bila neno sokoni kijijini inaweza kutazamwa mara mbili na kurudishwa kwenye teksibasi. Chenji ni shida nyingine. Mwenyeji anatoka nyumbani na noti ndogo zilizohesabiwa. Mgeni aliyeuza mbuzi ana noti kubwa, na “chenji hakuna, mama” humalizika kwa mama kuiacha chenji yake.

Lakini mahali ambapo kutokujua kunagharimu zaidi ni ziwani. Vita vilipofunga barabara ya Sake mwaka 2024, watu wa Minova, huko Kivu Kusini, na wa vijiji vya Masisi vinavyoshuka upande ule walibaki na maji peke yake. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo MV Merdi kilichotoka Minova kilipinduka kikiwa karibu kutia nanga bandari ya Kituku, Goma, watu wa ufukweni wakitazama. Gavana wa Kivu Kusini alitaja abiria 278 katika chombo ambacho hakikutengenezwa kubeba nusu yao. Idadi ya waliokufa ilibadilika kutoka tangazo moja hadi jingine, na sababu ni rahisi na ya kutisha: hapakuwa na orodha ya kuaminika ya waliopanda. Familia zilikwenda mochwari kutafuta watu wao bila hata kuwa na hakika kama walikuwa ndani.

Halikuwa jambo jipya. Aprili 2019 chombo kingine kilizama katika ziwa hilohilo, zaidi ya watu mia moja wakatoweka, na Rais Félix Tshisekedi alifika Kalehe na kuamuru kwamba makoti ya kuokolea yawe ya lazima. Amri ilitolewa. Miaka mitano baadaye tulikuwa tunahesabu tena. Mimi naamini amri ile ilikosa mtu wa kuitekeleza kwa sababu hatukumpa abiria nafasi ndani yake. Abiria hakujua chombo kinabeba wangapi, hakujua kwamba ana haki ya koti, hakujua kwamba jina lake linapaswa kuandikwa kabla ya injini kuwaka. Namba ya watu ambao chombo kinaweza kubeba ingepakwa ubavuni, kubwa, kwa rangi nyeupe, watu mia wangekuwa wakaguzi. Anayejua kusoma angesoma, asiyejua angesomewa na jirani.

Watu wataniambia: ndugu, mabomu yanaanguka, nawe unazungumzia vibao? Nazungumzia vibao kwa sababu mabomu yanaanguka. Rejea Mei 2021. Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22, na alfajiri ya tarehe 27 gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, alitangaza kwamba mitaa kumi ihame mara moja: Majengo, Mabanga, Bujovu, Virunga, Murara, Mapendo na mingine. Fikiria mgeni aliyefika juzi yake kwa shangazi, akalala, akaamka na redio inataja majina kumi. Je, yuko Mabanga Kusini au Katoyi? Hakuna kibao kinachomwambia. Anatoka nje anaona watu wanakimbia, anakimbia nao. Makundi kwa makundi yalitembea mpaka Sake kwa miguu, kilomita zile 25, wakiwamo watu wa mitaa ambayo haikutajwa. Sisemi walikosea kukimbia. Nasema mtu ambaye hajui alipo hawezi kutii amri hata ikiwa nzuri.

Na hatuhitaji kwenda mbali kuona mambo yakifanyika vingine. Ukivuka Petite Barrière kwa miguu, kama wanavyofanya maelfu kila asubuhi, unaingia nchi ambayo mamlaka yake ya huduma, RURA, hupanga nauli za mabasi kwa kilomita na kuzitangaza. Mwezi Machi 2024 nauli zilipopandishwa Rwanda, watu walinung'unika, lakini walinung'unikia namba iliyoandikwa. Dar es Salaam daladala ina mstari wa rangi na majina ya mwanzo na mwisho wa safari mbele, na mamlaka ya usafiri, LATRA, inatangaza kiwango cha juu cha nauli. Konda anaweza kuwa mkali, lakini mgeni kutoka Kigoma anaweza kusoma Mbagala akajua si Mwenge. Kenya, kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutumika Februari 2004 ziliilazimisha kila matatu kuchora mstari wa njano na kuandika njia yake. Kabla ya hapo Nairobi nayo ilikuwa mji wa kukisia.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, haukutoka kwa waziri. Zaidi ya miaka kumi iliyopita wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa MIT na Columbia, walipanda matatu na simu zao, wakafuata kila njia, wakaandika kila kituo kwa jina ambalo watu wenyewe wanalitumia. Mwaka 2014 walitoa ramani yenye njia zaidi ya 130, na serikali ya mji ikaipokea kama ramani yake. Hawakubuni njia hata moja. Njia zilikuwapo tayari vichwani mwa madereva. Wao walizitoa vichwani na kuziweka mahali ambapo kila mtu anaweza kuziona. Goma ina vyuo vikuu. Ina vijana wenye simu na muda mwingi usio na kazi. Ina vyama vya wamotari na vya madereva vinavyojua nauli ya kila kipande mpaka franka mia ya mwisho. Kinachokosekana ni mtu wa kuketisha pande hizo pamoja na kusema: tuandike.

Najua kuna ugumu wa kweli. Nauli itabadilika petroli ikipanda. Basi namba iandikwe kwa chaki juu ya bati lililopakwa rangi nyeusi, kama wanavyofanya wabadilisha pesa wa mtaa wa Birere kila asubuhi kwa bei ya dola. Anayeushika mji leo si aliyeushika mwaka 2024, na sijui nani ataushika kesho. Ndiyo sababu kazi hii ifanywe na vyama, vyuo, makanisa na masoko, ambavyo vimebaki mahali pake katika kila badiliko. Na wapo wasiojua kusoma. Kwa ajili yao kuna redio. Redio za jamii zinafika Masisi na Walikale, na bado sijasikia kipindi kinachosema kwa Kihunde, kwa Kinyanga na kwa Kinyarwanda: ukifika Goma, hospitali hii shuka hapa, kutoka hapa mpaka pale ni franka kadhaa, ukishuka kwenye Hiace tazama nyuma, kwenye chombo cha ziwa dai koti na uandikishe jina lako. Dakika kumi, mara mbili kwa wiki, zikitanguliwa na bei za soko ambazo kila mtu anazisikiliza.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi tunapona kweli. Viazi vya Goma, maharage yake, maziwa na jibini lake, makaa yake kwa kiasi kikubwa vinateremshwa na watu hawa, kwa Fuso, kwa moto, kwa chukudu zinazoteremka mlima, kila moja na mzigo wa mamia ya kilo na kijana mmoja anayeifungia breki kwa kisigino. Tunakula walichobeba, kisha tunawatoza kwa kutokujua njia ya kwenda hospitali.

Ningeanza na mahali pachache. Sake, pale magari ya Masisi yanapokutana na lami: bati moja kubwa lenye orodha ya vituo mpaka Signers kwa mpangilio, na nauli pembeni. Mugunga, Ndosho na Katindo: jina la mahali, lionekane kutoka dirisha la Hiace upande wa kushoto na wa kulia. Mbele ya kila hospitali kubwa: nauli ya moto kwenda vituo vitatu vya karibu, imekubaliwa na chama cha wamotari na kutiwa saini yao, ili isiwe amri ya mtu mwingine juu yao. Kituku: namba ya abiria ubavuni mwa kila chombo, na daftari la majina linalobaki nchi kavu chombo kikiondoka, si lile linalosafiri na kuzama nacho. Bati, rangi, chaki, daftari. Mafundi wa kuchomelea bati wapo Birere, na wengi wao wangeifanya kazi hii kwa bei ya mafuta na chuma.

Wa kwanza kuombwa wawe vyama vya wamotari, kwa kuwa bila wao bei yoyote itakayoandikwa itabaki rangi tu. Waulizwe wao kwanza nauli halali ni ipi kutoka Signers kwenda Ndosho mchana, usiku, na wakati wa mvua, na jibu lao liandikwe kama walivyolitoa.